Mfalme aliyeiamuru bahari hakuwa mjinga: kisa cha Canute na mkleri aliyekiandika

Bamvua (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa tozo kuna ndugu alimkatisha mwenzake kwa kumwambia asijifanye kama yule mfalme wa Uingereza aliyekaa ufukweni akaikataza bahari isijae. Watu wakacheka, uzi ukasonga. Mimi jambo lile likanikaa kooni. Nimekulia mahali ambapo mji mzima unaendeshwa na maji kujaa na kupwa, kwa hiyo mtu akiitwa mjinga kwa sababu ya bahari, nataka kwanza nijue alisema nini hasa.

Mfalme mwenyewe ni Canute, Mdenmaki aliyeitawala Uingereza kuanzia 1016 hadi alipofariki 1035. Aliyetuandikia kisa chake ni Henry wa Huntingdon, mkleri (mtumishi wa kanisa) wa jimbo la Lincoln, katika kitabu chake cha Kilatini kinachoitwa Historia Anglorum. Kazi hiyo aliianza miaka ya 1120, akawa anaongeza na kuongeza hadi 1154.

Henry anasema mbali na vita vyake, Canute alifanya mambo matatu makubwa ya kifahari. Alimwoza binti yake kwa mfalme mkuu wa Roma. Alisafiri hadi Roma na kuwapunguzia mahujaji ushuru wa njiani. Na la tatu ndilo hili la bahari.

Wakati nguvu zake ziko juu kabisa, aliagiza kiti chake kiwekwe ufukweni maji yakiwa yanajaa. Akaiambia bahari kwamba iko chini ya himaya yake, kwamba nchi aliyoikalia ni yake, na hakuna aliyewahi kuipinga amri yake akasalimika. Kwa hiyo anaiamuru isipande kwenye ardhi yake wala isithubutu kumlowesha bwana wake nguo na mwili. Bahari ikaja kama siku zote. Ikamlowesha miguu na miundi bila heshima yoyote. Mfalme akaruka nyuma, akatangaza kwamba watu wote duniani wajue uwezo wa wafalme ni mtupu, na hakuna anayestahili jina la mfalme isipokuwa Yule ambaye mbingu, nchi na bahari vinazitii sheria zake za milele. Tangu siku hiyo hakuvaa tena taji lake la dhahabu. Aliliweka juu ya sanamu ya Bwana msulubiwa.

Mmeona? Kule Uingereza hadi leo mwandishi wa gazeti akitaka kumsema kiongozi kichwa ngumu anamwita Canute. Kumbe aliyekuwa anatoa somo ndiye anabebeshwa ujinga.

Halafu kuna hili: wale machawa mnaowasikia kwenye visa vya watoto, wanaomwambia mfalme "hata bahari inakutii", kwa Henry hawamo. Ni nyongeza za baadaye. Na ufukwe gani, hasemi. Miji kadhaa ya Uingereza inagombea heshima hiyo, kila mmoja unadai kiti kiliwekwa kwake.

---

Nimekaa Pale

Naweka kambi hapa. Mleta mada tiririka.

---

Kalamu Kavu

Mkuu, uzi mzuri ila naomba nitie maji kidogo.

Canute kafariki 1035. Huyo Henry wako kazaliwa karibu 1088. Anaandika takriban miaka mia moja baada ya tukio. Nani alimsimulia maneno ya mfalme neno kwa neno, tena na miundi ikalowa?

La pili, hilo la binti. Gunhilda binti Canute aliolewa 1036, baba yake ameshazikwa. Na mumewe, Henry wa Tatu wa Ujerumani, hakuvikwa taji la mfalme mkuu wa Roma hadi 1046. Sasa kama jambo la kwanza kati ya yale matatu limepinda hivyo, hilo la bahari tuliamini kwa lipi?

---

Bamvua (mleta uzi)

@Kalamu Kavu hapo kwa binti umenikamata, sibishi. Ila la Roma limesimama. Canute alikuwa Roma 1027, na barua aliyowaandikia watu wa Uingereza kuhusu safari ile ipo hadi leo, na habari ya kupunguziwa ushuru njiani imo.

La bahari siwezi kukuapia. Na wala sidhani Henry alitaka kuapa. Tuangalie alivyofanya kazi. Sehemu kubwa ya mambo ya kale aliyachukua kwa Bede, yule mmonaki wa Northumbria aliyefariki 735. Akatafsiri pia kutoka kwenye kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kale. Juu ya hapo akaweka nyimbo na visa alivyovisikia. Na akikuta vita bila hotuba, anatunga hotuba. Ndivyo walivyokuwa wakiandika, tangu Warumi.

Ila ana mchezo wake. Kwenye vita vya Hastings, 1066, anampa William, mtawala wa Normandy aliyekuja kuiteka Uingereza, hotuba ndefu tamu ya kuwatia jazba askari wake. Kabla hajaifikisha mwisho, jeshi zima limeshapandwa na mori, limefyatuka kumvamia adui, na William kaachwa pale anaongea peke yake. Mtu anayeandika hivyo, kwangu mimi, anakukonyeza jicho kwamba hotuba ni yake yeye.

Nilichokusudia ni kimoja: ukimtaja Canute wa ufukweni, umtaje kama alivyoandikwa. Kama kisa ni cha kutungwa, basi kimetungwa kuhusu mfalme mwenye akili.

---

Mzee wa Mtaa

Wanangu, hamjambo. Huyu Henry cheo chake alikuwa arkidiakoni wa Huntingdon. Sisi Waanglikana cheo hicho bado tunacho, anakuwa chini ya askofu na anasimamia eneo lenye mitaa na parokia kadhaa. Nikiwa kijana arkidiakoni wetu akija kukagua, vitabu vya sadaka vilikuwa vinatolewa kabatini na kupanguswa vumbi tangu alfajiri, na mweka hazina haongei na mtu. Kwa hiyo huyu bwana alikuwa mkaguzi, siyo mtawa wa kukaa ndani ya kuta. Anazunguka kwa farasi, anasikia kesi, anajua nani kafanya nini. Mtu wa namna hiyo akiandika historia, tarajia maneno ya jikoni.

---

Bamvua (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Umenisaidia kulisema vizuri kuliko mimi.

Na jimbo lenyewe la Lincoln wakati huo lilikuwa kubwa mno, kutoka mto Humber kaskazini hadi Thames kusini. Henry alilelewa nyumbani kwa askofu wake, Robert Bloet, tangu utotoni. Alipofariki Bloet, 1123, akaja Alexander, na huyo ndiye aliyemwagiza Henry aandike historia ya nchi.

---

Kijana wa Chuo

Swali la kizushi wakuu. Nimesoma mahali kwamba cheo hicho alirithi kwa baba yake. Sasa padri anamrithishaje mwanawe? Si hawaoi?

---

Bamvua (mleta uzi)

@Kijana wa Chuo swali lako siyo la kizushi hata kidogo. Mimi naona ndilo ufunguo wa kitabu kizima.

Baba yake aliitwa Nicholas, na yeye alikuwa arkidiakoni kabla yake. Alifariki 1110 na mwanawe akashika nafasi. Henry mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume, Adam. Kwa Uingereza ya wakati ule, mkleri kuwa na mke na watoto lilikuwa jambo la kawaida, hasa hao wasio wamonaki. Hata askofu Bloet alikuwa na mtoto, Simon, na akamfanya mkuu wa kanisa kuu la Lincoln akiwa bado kijana mbichi.

Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1102 askofu mkuu Anselm aliitisha mtaguso (kikao cha maaskofu) London, akapiga marufuku wake za mapadri. Soma Henry anavyoliandika hilo. Anasema wake walikatazwa, "jambo ambalo halikuwa limekatazwa kabla". Kisha kwamba wengine waliliona ni usafi mkubwa, wengine wakaona ni hatari, kwa sababu watu wakitafuta usafi unaozidi nguvu zao wanaweza kuangukia uchafu wa kutisha.

Hapo alikuwa na miaka kama kumi na minne. Mtaguso umeamua kwamba mama yake mzazi ni aibu ya kanisa. Miaka ishirini na ushee baadaye anashika kalamu, na haonyeshi hasira. Anaweka tu maoni ya pande mbili, huku la pili likiwa na uzito kidogo kuliko la kwanza.

Ila subirini 1125.

Mwaka huo alikuja mjumbe wa papa, kardinali John wa Crema. Akafanya mtaguso London mwezi wa 9, akawashukia wake za mapadri kwa ukali, akisema ni dhambi kubwa mno mtu kuinuka ubavuni mwa kahaba akaenda kuufanya mwili wa Kristo, yaani kuongoza misa. Na siku ileile aliyoufanya mwili wa Kristo mwenyewe, jioni, baada ya masifu, akanaswa na kahaba. Henry anasema jambo lilikuwa wazi kabisa, halikanushiki wala halifai kufichwa. Kardinali akarudi kwao kwa fedheha.

Na miaka minne mbele, 1129, maaskofu wakamkabidhi mfalme Henry wa Kwanza madaraka ya kuwashughulikia wake za mapadri. Mfalme akafanyaje? Akawatoza mapadri faini, akajikusanyia hela isiyo na hesabu, na kila aliyelipa akabaki na mkewe. Maaskofu wakaja kujuta wakati wameshaingizwa mjini.

---

Nimekaa Pale

Wameingizwa mjini na mfalme 😂😂 mambo haya kumbe yalianza zamani

---

Mwana Parokia

Mimi ni Mkatoliki na nimesoma kimya kimya tangu juu, sasa niseme.

Hilo la kardinali ni umbea. Mtu ambaye mtaguso umemgusa nyumbani kwake, anamsingizia mjumbe aliyeuongoza. Mashahidi wako wapi? Nani alifungua huo mlango? Anatwambia "liko wazi" halafu tumwamini. Kwenye mahakama yoyote huyo ni shahidi mwenye kisasi, na angetolewa nje. Na nyie mnampigia makofi kwa sababu tu anasimulia vizuri.

---

Kalamu Kavu

@Mwana Parokia leo tuko upande mmoja, sijui mvua itanyesha.

---

Bamvua (mleta uzi)

@Mwana Parokia ndugu yangu, sikupingi kwamba alikuwa na lake moyoni. Ndilo nililokuwa nataka tulione. Mtu akimsoma bila kujua habari za baba yake, atadhani anacheka tu. Ukijua, unaona kila mara anapofika kwenye wake za mapadri kalamu inabadilika mwendo.

Na naona alijua utamwuliza. Palepale anajitetea, kwamba hata Musa, mwandishi wa Mungu, alipoandika habari za mababu watakatifu aliandika mema yao pamoja na dhambi zao, akamtaja Loti, akamtaja Reubeni. Kisha anaongeza kidole cha jicho: kama kuna Mrumi au mkubwa wa kanisa anachukizwa na habari hii, bora anyamaze, asije akaonekana anataka kumfuata John.

Sasa hapo sijui niite historia au mipasho. Labda vyote.

---

Bi Ng'onda

Mleta uzi tupe kile cha mfalme aliyekufa kwa samaki. Nilisikia nusu nusu redioni.

---

Bamvua (mleta uzi)

Bi mkubwa, kile ni cha haohao. Mfalme Henry wa Kwanza, huyuhuyu wa faini. Anayekula chakula asile kwanza.

Alifia Normandy, Desemba 1, 1135. Alikuwa ametoka kuwinda, akataka lampri. Huyu ni kiumbe wa majini mrefu kama mkunga, hana taya, mdomo wake ni duara lililojaa meno kama tupa. Henry mwandishi wetu anasema mfalme alikuwa anawapenda mno ingawa kila akiwala wanamdhuru, na daktari alishamkataza. Akala. Mwili ukapoa ghafla, ikaja homa kali, akafa.

Sasa maiti inatakiwa ivuke bahari ikazikwe Reading, kwenye abasia (nyumba ya wamonaki) aliyoijenga mwenyewe. Wakaipeleka Rouen kwanza. Huko wakatoa matumbo, ubongo na macho, wakavizika. Mwili uliobaki wakauchanja kwa visu pande zote, wakaumwagia chumvi nyingi, wakaushona ndani ya ngozi za ng'ombe ili kuzuia harufu. Harufu haikuzuilika. Hata hao waliokuwa wanaulinda ikawaangusha. Yule mtu aliyekodishwa kwa hela nyingi akipasue kichwa kwa shoka atoe ubongo, alijifunga vitambaa usoni na bado akafa. Henry anasema huyo ndiye wa mwisho kati ya wengi waliouawa na mfalme Henry.

Rudieni sentensi hiyo polepole.

Wakafika Caen, wakaweka jeneza kanisani alikozikwa baba wa marehemu. Licha ya chumvi na ngozi zile, maji meusi ya kutisha yakawa yanavuja, watu wanakinga kwa vyombo na kumwaga, wahudumu wanazimia. Na Henry anawageukia wasomaji: tazama mwili wa mfalme mwenye nguvu, ambaye shingo yake ilikuwa na taji la dhahabu na vito kama utukufu wa Mungu, angalia umefikia wapi.

---

Bi Ng'onda

Astaghfirullah.

Ila mimi niwaambie kitu. Nimeanika ng'onda miaka ishirini na mbili. Hao walikosea tangu mwanzo. Kitu unakitia chumvi, unakiacha kitoe maji yake, ndiyo unakianika juani na upepo upite, unakigeuza. Ukikitia chumvi ukakifunga palepale kibichi ndani ya ngozi, yale maji yaende wapi? Chumvi inayavuta, yanakaa humo humo. Lazima yavuje. Tena Desemba ya Ulaya, jua lenyewe hakuna. Hata papa ungemfunga hivyo angekutia aibu sokoni.

---

Kalamu Kavu

@Bi Ng'onda sasa nimeanza kuamini kisa cha maji meusi. Hicho hakikutungwa na mtu asiyejua chumvi.

---

Mzee wa Mtaa

Huyo mlezi wa Henry mwandishi, askofu Bloet, mwisho wake ulikuwaje? Nauliza maana mlezi wa mtu ndiye humfunza kuandika.

---

Bamvua (mleta uzi)

Mzee umegonga penyewe. Henry aliandika barua ndefu kuhusu kuidharau dunia, akaiingiza kwenye historia yake, na Bloet ndiye mfano wake wa karibu kabisa.

Anasema alipokuwa mtoto alikuwa anaiona fahari ya nyumba ile: mashujaa, vijana wa familia kubwa, farasi wa bei, vyombo vya dhahabu, wahudumu wamevaa hariri. Akadhani hakuna heri kuliko hiyo. Mwaka wa mwisho wa askofu, mezani, akamwona analia. Akauliza kulikoni. Askofu akasema: zamani wahudumu wangu walivaa nguo za thamani, sasa faini za mfalme, ambaye siku zote nimejitahidi nimpendeze, zimewavisha ngozi za kondoo. Baadaye watu wakamletea habari kwamba mfalme amemsifu sana akiwa hayupo. Bloet akashusha pumzi, akasema mfalme hamsifu mtu wake yeyote isipokuwa yule anayetaka kummaliza kabisa.

Januari 1123 alikuwa Woodstock, anatembea juu ya farasi akizungumza na mfalme yuleyule. Akaanguka, na hakuinuka tena.

---

Nimekaa Pale

"Mfalme hamsifu mtu..." hii naiandika kwenye mlango wa ofisi yetu.

---

Kijana wa Chuo

Mkuu, na yule Geoffrey wa Monmouth wa hadithi za mfalme Arthur, walijuana?

---

Bamvua (mleta uzi)

Kwa kitabu, ndiyo. Mwaka 1139 Henry alikuwa njiani kwenda Roma na askofu mkuu Theobald. Wakalala kwenye abasia ya Bec, Normandy. Mmonaki mmoja wa pale, Robert wa Torigni, naye mwandishi wa historia, akamwonyesha kitabu kipya cha Geoffrey. Henry alikuwa amewatafuta wafalme wa Wabritoni, wenyeji wa kale wa kisiwa kile, kabla ya Julius Caesar bila mafanikio, sasa akawakuta wamejipanga mstari mmoja baada ya mwingine. Anasema alistaajabu. Akaandika muhtasari kwa rafiki yake Warin.

Alimwamini Geoffrey kuliko alivyostahili, hilo niseme. @Kalamu Kavu usinikimbilie.

Na kwa wapenda mawe: huyu ndiye wa kwanza tunayemjua kuiandika Stonehenge, lile duara la mawe makubwa ya kale kule Uingereza. Aliiita Stanenges, akasema mawe yamesimamishwa kama milango, mlango juu ya mlango, na hakuna anayejua yalipandishwaje wala kwa nini yakajengwa pale. Mistari michache tu, akaendelea na safari.

---

Mwana Parokia

Nimerudi. Nimewasoma wote.

Kwenye la kardinali sijabadilika. Ila @Bamvua, umetaja baba yake kafariki 1110 ukapita haraka. Yeye mwenyewe Henry aliliandikaje?

---

Bamvua (mleta uzi)

Nilikuwa naogopa hutauliza.

Anafika kwenye mwaka 1110, katikati ya habari za wafalme na ndoa zao, anasimama. Anaandika kwamba mwaka huo alifariki Nicholas, baba wa mwandishi wa kitabu hiki, akazikwa Lincoln. Anaweka na beti za Kilatini: nyota ya wakleri imeanguka, mng'aro wa Nicholas umefifia, nyota hiyo iliyoanguka na iangaze katika ngome ya Mungu. Nyota ya wakleri, mkuu. Anamwita hivyo mtu ambaye kwa sheria mpya hakutakiwa kuwa na mtoto wa kumwandikia.

Kisha anaeleza kwa nini ameliweka hapo. Anasema anaomba malipo ya kazi yake kwa kila atakayemsoma, nayo ni kwamba msomaji kwa huruma aseme: roho yake ipumzike kwa amani, amina.

---

Mwana Parokia

Nicholas wa Huntingdon, roho yake ipumzike kwa amani. Amina.

---

Mzee wa Mtaa

Amina.